Kura Tuliyopiga kwa Daktari Birindwa, na Safari ya Mama Kasoki

Mgeni rasmi, Citoyen Docteur Birindwa, Padri wetu, Mwalimu wetu Zihindula, wazee wa kartye yetu, mtaa huu wa Mabanga hapa Goma, papa na mama wote mliokuja kuketi nasi:

Leo ni Jumapili, tarehe 14 Juni 1987. Asubuhi tulipotoka misa ya kwanza kulikuwa na baridi kavu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na upepo kutoka upande wa Kibati ulileta vumbi jeusi mpaka ndani ya sufuria tulizokuandalia, kwa hiyo ukisikia kitu kinalia kwenye meno, utusamehe. Lakini mlima Nyiragongo ulikuwa wazi mpaka juu, bila wingu, na mama mmoja akasema, "Hata mlima umenawa uso kwa ajili ya munganga, daktari wetu." Tukacheka, tukamshukuru Mungu kwa mwanzo mzuri wa siku.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunasema karibu. Ulipopata barua yetu ungeweza kujibu kwamba una kazi nyingi, nasi tungekuamini, kwa sababu tumeona foleni ya wagonjwa mbele ya mlango wako. Umekuja, tena umekuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, kwa kuwa gari haliwezi kupita kwenye mawe yetu ya lava. Mama wa Mabanga wamekuona ukiruka mawe na viatu vyako vizuri mkononi. Habari hiyo imekwisha kuzunguka kartye nzima, na imekuongezea heshima.

TULIKOTOKA

Shule yetu ya jioni ilianza katika ukumbi huu wa parokia, kwa taa moja ya petroli na ubao uliopasuka katikati. Sisi ni wauza kabichi, wauza sabuni, washonaji na wafua nguo. Wengine tulikuja tukiwa na wajukuu mgongoni. Hatukuona haya. Tulimwomba Mungu atupe macho ya kusoma Neno lake kabla hajatuita, naye akatupa Mwalimu Zihindula, ambaye hachoki na hapigi.

Tangu mwanzo tulijiwekea desturi moja. Kila jambo la kundi tunaliamua kwa mikono. Tufunge darasa wakati wa kupanda maharage? Mikono juu. Tununue chaki au petroli? Mikono juu. Wengi wakishinda, imepita, na aliyeshindwa hanuni. Desturi hiyo imetuletea amani nyingi, na tulikuwa tunajisifu nayo. Hatukujua kwamba kuna mahali haifai kufika. Wewe ndiye uliyetufundisha, nasi leo tunataka kusimulia jinsi ilivyokuwa, ili waliopo wote wasikie. Mama Kasoki mwenyewe ametukubalia tusome mambo yake. Tulimsomea kwanza, naye akasema, "Muache yote. Ila pale pa machozi, muandike kidogo tu."

SIKU YA MIKONO

Mama Kasoki mnamjua. Ni yule anayeketi pale karibu na dirisha, mwenye kitambaa cha kijani. Alizaliwa Kibati, anauza kabichi na mboga za huko, na ni mke wa Papa Sikuli, anayefanya biashara ya sabuni ya Bunagana, kule mpakani mwa Uganda. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, alikuwa anaoga akagusa uvimbe mdogo katika titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi kavu. Haukuuma. Akaufunika kwa kitenge chake na akanyamaza. Alimwambia Mungu peke yake, kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto.

Jioni moja darasani alishindwa kuandika. Mama Nshobole, kiranja wetu, akamwuliza kama anaumwa mkono, na hapo Kasoki akasema. Basi tulimleta kwako. Ulikata kipande kidogo, ukakituma mbali kupimwa, na jibu likarudi kwamba ni kansa, lakini bado changa.

Kwetu mutu haendi peke yake kusikia habari nzito. Kwa hiyo siku ya kuongea juu ya matibabu tulikuja wote, darasa zima, tumevaa vitenge vya sherehe. Mwuguzi alitaka kutufukuza. Wewe ulifungua mlango, ukatutazama, ukasema, "Hawa wote ni wagonjwa?"

Mama Nshobole akajibu, "Hapana, munganga. Mugonjwa ni mumoja. Sisi ni masikio yake."

Mgeni rasmi, hatujasahau kwamba ulikwenda mwenyewe kuleta mabenchi ya koridoo.

Kisha ulitueleza polepole, kwa Kiswahili chetu, bila kujificha nyuma ya Kifaransa. Ulisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa titi lote, hapa hapa Goma, na pengine kazi ingeishia hapo. Ya pili ni kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi libaki. Halafu mama aende Nairobi, kwenye mashine ya mionzi, apigwe mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kama tano, ili mbegu za ugonjwa zisizoonekana kwa macho zisipate nafasi ya kuota tena. Ulisema wenzako walioangalia wagonjwa wengi wa aina yake wameona kwamba njia hizi mbili zinaokoa sawasawa. Ukarudia mara ya pili, ukinyoosha kidole: "Lakini anayechagua njia ya pili anachagua kisu na mionzi pamoja. Ni kazi moja. Hatuwezi kuikata nusu."

Ndipo Mama Nshobole akasimama, akatengeneza kitambaa chake kama tunavyofanya darasani, akasema, "Bamama, tumesikia. Benye kutaka titi likatwe lote, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Yote. Hata mama wawili waliokuwa wamesimama koridoo, kwa kukosa nafasi, walipenyeza mikono yao mlangoni.

"Benye kutaka mionzi?"

Hakuna.

"Munganga," akasema Mama Nshobole, "imepita."

Tusieleweke vibaya. Hatukupiga kura ile kwa ukali. Tuliogopa. Nairobi ni mbali, na sisi tulitaka Kasoki abaki mahali ambapo tunaweza kumletea uji. Tulidhani upendo wetu unatupa haki.

Wewe hukukasirika. Ulitabasamu, lakini macho yako hayakucheka. Ukasema, "Bamama, ninaona mikono mingi sana. Ule mumoja ninaoutafuta sijauona."

Tukageuka. Mikono ya Kasoki ilikuwa chini ya kitenge chake, imeshikana.

"Mikono chini," ukasema.

Kisha ukafanya jambo ambalo tangu siku ile tunalisimulia kisimani na sokoni. Ulisimama, ukageuza kiti chako, ukatupa mgongo sisi sote, ukaketi ukimtazama yeye tu. Magoti yenu yalikaribia kugusana. Ukamwambia, "Sasa, Mama Kasoki, uliza. Hata kama ni jambo dogo. Hata kama unaona haya."

Kasoki hakuwahi kuulizwa na mutu mwenye koti jeupe kwamba anataka nini. Alitafuta swali kubwa, linalofaa daktari, akakosa. Akauliza lile alilokuwa nalo.

"Hiyo mionzi, munganga, ni moto? Mimi ni mutu wa Kibati. Ule mwaka mlima ulipasuka nilikuwa pale. Niliona moto unavyoteremka."

Hukucheka. Ulimwambia, "Hapana, mama. Utalala juu ya kitanda, watakuchora alama kwenye ngozi, watakuomba usitikisike. Utasikia mashine inanguruma kidogo, na dakika chache imekwisha. Ile saa yenyewe hautasikia maumivu. Lakini sikudanganyi: kisha wiki mbili tatu ngozi ya pale itawasha, itakuwa nyeusi kama iliyochomwa na jua, pengine itachubuka. Na utachoka, ile kuchoka ya mutu aliyelima siku nzima. Itapita."

"Na nikirudi, nitakuwa nayo ndani yangu? Mutoto wangu wa mwisho analala hapa juu ya kifua."

"Inapita mwilini kama mwanga unavyopita dirishani. Haibaki. Ngozi ikipona, mutoto alale pale pale."

"Na nikichagua kukata yote, nitakuwa nimekosa imani?"

"Hapana. Hata ukichagua mionzi, hautakuwa na imani kuliko mwingine. Njia zote mbili ni nzuri. Mimi ninazijua njia. Mwili ni wako."

Hapo Kasoki akafikiri kwamba amekunasa. Akauliza, "Kama ingekuwa ni bibi yako, mke wako mwenyewe, ungemchagulia nini?"

"Ningemwuliza," ukasema.

Nyuma yako sisi tulijiziba midomo tusicheke, kwa sababu tuliona hata Kasoki amecheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. Kisha akakuuliza swali la mwisho, kwa sauti ndogo: "Nitapona?"

Na wewe, Citoyen Docteur, ambaye ungeweza kusema ndiyo ili utuondoe chumbani mwako, ulisema, "Sijui, mama. Ninatumaini sana. Njo maana ninataka tufanye kazi yote, tusiache kitu."

Kasoki anasema kwamba neno lile "sijui" ndilo lililomfanya akuamini kwa yale mengine yote. Alitoa mikono chini ya kitenge, akaiweka juu ya magoti, akasema, "Ninataka titi langu libaki. Nitaenda kwenye mionzi."

TULIYOFANIKISHA

Mgeni rasmi, tuanze na hili: siku ya kupasuliwa, Mama Kasoki aliandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya kukubali kisu. Walimletea wino wa dole gumba kama ilivyo kawaida, naye akausukuma pembeni, akaomba kalamu. Herufi zilipanda mlima kidogo, lakini zilisomeka. Mwalimu Zihindula alipopata habari alitoka nje ya darasa, akakaa huko kidogo, akarudi akisema ni moshi wa taa.

Siku ile ile sisi tulikaa mlangoni mwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi, na rozari zetu. Kasoki alipopitishwa kwenye kitanda cha magurudumu alituona, akamshika kila mmoja aliyeweza kumfikia. Ulifanya kazi nzuri. Kidonda kilifunga bila usaha, na wewe ulipita kumtazama hata siku ambayo haikuwa zamu yako.

Tangu hapo mama wengine wa kartye wamekuja kwako na uvimbe ambao walikuwa wameuficha. Sote tunamshukuru Mungu, kwa sababu mpaka leo ulichokikuta kwao hakikuwa cha hatari. Walikuja kwa kuwa walisikia kwamba kuna daktari anayegeuza kiti.

Na desturi yetu tumeirekebisha. Mambo ya chaki na petroli bado tunayapigia kura. Mambo ya mwili wa mutu, tunasema "mikono chini", na mwenye mwili anaongea.

YANAYOTUSUMBUA

Tungeweza hapa kukuambia kwamba paa linavuja juu ya ubao. Linavuja. Lakini si hilo linalotunyima usingizi.

Shida yetu, mgeni rasmi, ni kwamba Mama Kasoki amependeza. Mumtazame. Kidonda kimefunga, amerudi sokoni, anabeba kapu la kabichi kichwani kama zamani. Watu wanamwona, wanasema, "Si umepona? Unaenda kutafuta nini Nairobi?" Wengine, tena watu wa sala, wanamwambia kwamba Mungu amekwisha kumaliza kazi, na kuondoka sasa ni kumtukana. Sisi pia ni watu wa sala. Tulifanya novena, siku tisa za sala, kwa ajili yake na tutafanya nyingine. Tunaamini kabisa kwamba Mungu anaponya. Lakini hatujasoma mahali popote, na sasa tunajua kusoma, kwamba Mungu anataka tuache dawa katikati.

Papa Sikuli, mume wake, yuko hapa mbele, na tunamheshimu sana. Hakuna mume aliyemtunza mke wake hospitali kuliko yeye; alifua hata bandeji. Barabara ya Bunagana anaijua, kila kizuizi, kila askari, kila shimo, na tena anajua ng'ambo ya mpaka. Kwa sababu anaijua, anaiogopa kwa ajili ya mke wake. Alisema kwa majirani, "Kidonda kimepona. Barabara njo haijapona." Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba tunajua hatasimama mlangoni kumzuia, kwa kuwa si mutu wa namna hiyo.

Masista fulani wa Nairobi wamekubali kumpa kitanda cha kulala wakati wa mionzi. Karatasi za mpaka ziko tayari. Siku ya kuanza mionzi imekwisha kupangwa, na wewe ulituonya kwamba tusiiache ipite, kwa sababu mbegu ya ugonjwa haingoji mavuno. Gari linaondoka kesho asubuhi. Lakini Jumatano iliyopita Mama Kasoki alirudisha nyumbani kwa Mama Nshobole sanduku la safari alilokuwa ameazima. Lilikuwa tupu. Akasema, "Kabichi zimekomaa. Nitaenda mwaka ujao."

Mama Nshobole alishika lile sanduku, na mkono wake wa kulia ukataka kupanda juu wenyewe. Akauzuia. Alitukumbuka tukiwa mbele yako. Akaliweka sanduku karibu na mlango. Liko hapa leo, chini ya meza uliyowekewa maua.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, vikundi vingine vikikaribisha wakubwa vinaomba mabati, vinaomba saruji. Sisi tunaomba jambo moja, nalo halina uzito.

Tunaomba ugeuze kiti chako.

Tukimaliza kusoma, tunakuomba utupe mgongo tena sisi sote, Padri na wazee pia, umtazame yeye peke yake, umwulize. Akisema anaenda, tutafurahi. Akisema haendi, tutalia, lakini hatutapiga kura. Mikono yetu itakaa chini. Hilo tunakuahidi kwa jina la Bwana.

Mungu aliyekupa mikono ya kupasua na ulimi wa kusema "sijui" akulinde, wewe na nyumba yako. Akupe usingizi usiovunjwa na kengele. Bikira Maria atembee mbele yako kila unapoingia kwa mgonjwa. Na siku yako wewe ya kuwa mgonjwa ikifika, akupe daktari kama wewe.

Ni sisi, mama wa Shule ya Jioni ya Mabanga, na mwenzetu anayewasomea ni sauti yetu.

YALIYOFUATA

(Yameandikwa chini ya risala siku ile ile, mbele ya wote waliosikia, nao wakakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.)

Daktari Birindwa hakutoa hotuba. Alisimama, akakinyanyua kiti cha mgeni rasmi pamoja na kitambaa chake cha maua, akakiweka karibu na dirisha mbele ya Mama Kasoki, akaketi. Ukumbi wote ulibaki na mgongo wake.

"Mama Kasoki," akasema, "unakumbuka ulichochagua?"

"Ninakumbuka. Nilichagua titi libaki. Ulisema kisu na mionzi ni kazi moja. Nusu imefanyika."

"Na ile nusu nyingine?"

Kasoki akainama. Mkono wa mama mmoja nyuma ulianza kupanda, kwa mazoea tu. Jirani yake akaushika, akaukalia.

"Si kabichi, munganga," Kasoki akasema mwishoni. "Kabichi mutu mwingine anaweza kuzivuna. Na si Mungu. Mungu ninajua atakuwa hata kule. Siku ya kisu sikuogopa kwa sababu niliona hawa bamama mlangoni. Kule Nairobi, nikitoka kwenye ile mashine, mlangoni nitaona nani?"

Halikuwa swali la daktari, naye alilijua hilo. Ndipo Papa Sikuli aliposimama mbele, kofia mkononi.

"Mimi," akasema.

"Wewe ulisema barabara haijapona," mke wake akamwambia.

"Haijapona. Njo maana hautaipita peke yako. Sabuni itaningoja. Nitakaa pale mlangoni mpaka siku ya mwisho, na hao masista wakininyima nafasi nitalala kwa walinzi. Nimelala pabaya kuliko hapo, kwa ajili ya sabuni tu."

Watu walicheka, na wengine wakapangusa macho. Daktari aligeuza uso kidogo kumwangalia Papa Sikuli, akarudi kwa Kasoki. "Mama, amesema yeye. Mimi bado ninangoja wewe."

Mama Kasoki akasimama. Alikwenda mpaka mezani, akainama, akavuta sanduku kutoka chini ya maua, akalishika kwa mkono wa kushoto, upande ule ule wa kidonda. Akatazama ukumbi mzima, kisha akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Basi muandike. Mimi, Kasoki wa Kibati, mbele ya Mungu, mbele ya munganga, mbele ya bwana yangu Sikuli na ninyi bamama wa Mabanga: kesho asubuhi ninapanda gari la Bunagana. Nitalala chini ya ile mashine kila siku wanaponiita, hata ngozi ikiwasha, hata nikijisikia nimepona, mpaka wao wenyewe waseme kazi imekwisha. Sikupigiwa kura. Nimesema mimi."